Msifukie mashimo ya bustanini kabla ya kukagua kama yana watoto wa sungura

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tusahihishe ushauri mmoja uliotolewa kwenye safu yenu ya makazi na bustani. Wasomaji waliambiwa kwamba masika yanapokaribia wafukie mashimo yote yaliyomo uani, washindilie mawe, kisha wamwage maji ili udongo ukae. Kwa mashimo ya panya hatuna ubishi. Lakini katika nyumba ambayo sungura jike huachiwa kutembea bustanini, hata kama ni saa moja tu jioni, ushauri huo unaweza kuzika vichanga sita, wanane au kumi wakiwa hai, na mwenye nyumba asijue kamwe alichokifanya.

Sungura wa kufugwa, awe New Zealand mweupe, Chinchilla au chotara wa sokoni, ametokana na sungura wa Ulaya ambaye asili yake ni Uhispania na Ureno, na ambaye huishi ndani ya ardhi. Asichanganywe na sungura pori wa nyika zetu. Yule hachimbi, huzaa juu ya ardhi, na mtoto wake huzaliwa ana manyoya na macho yamefunguka. Kichanga wa sungura wa kufugwa huzaliwa uchi, macho na masikio yamefunga, uzito wake gramu 40 hadi 60, na hawezi kujitunzia joto. Bila kiota kilichojaa manyoya ya mama yake hamalizi siku. Kwa sababu hiyo jike mwenye mimba, akipata udongo laini na kona yenye kivuli, huchimba, hata kama bandani ana sanduku zuri.

Akishachimba, hubeba nyasi kavu mdomoni, hunyofoa manyoya ya tumboni na kifuani, huyatandika, huzaa kwa muda wa nusu saa hivi, kisha huondoka. Akiondoka huziba mlango kwa udongo na kuupigapiga kwa miguu ya mbele. Hurudi kunyonyesha mara moja kwa siku, pengine mara mbili, kwa dakika tatu hadi tano tu, na kwa kawaida ni usiku au alfajiri. Mchana kutwa anakula nyasi upande wa pili wa bustani kama asiye na mtoto. Watu wakimwona hivyo husema hana kitu, au husema amewatelekeza. Ukweli ni kwamba anawaficha: kila akikaa karibu na mlango huacha harufu ya kumwongoza adui.

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni kwamba hapa nyumbani kuna majike watupu. Sungura wengi huuzwa wakiwa na wiki sita hadi nane, umri ambao jinsia yao hukosewa kwa urahisi; korodani za dume huanza kuonekana wazi akiwa na wiki kumi hadi kumi na mbili. Ndugu wa uzao mmoja walioachwa pamoja wanaweza kupandana wakikaribia miezi minne. Jike wa sungura hasubiri siku za kutaka dume kama mbuzi: mayai hutoka baada ya kupandwa, kwa hiyo dakika moja ya dume kuvuka uzio inatosha. Dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Na jike aliyenunuliwa akiwa mkubwa anaweza kuwa amekuja na mimba yake. Mimba ni siku 31, ikizidi au kupungua kwa siku mbili. Mwenye jike aliyekomaa na bustani yenye udongo asiapie kwamba haiwezekani.

Ukaguzi uanze kwa jike mwenyewe. Mshike vizuri, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio, kwa maana akirusha miguu ya nyuma akiwa ananing'inia anaweza kuvunjika mgongo. Tazama kama ana udongo puani na kwenye kucha za mbele. Tazama kifua na tumbo: je, kuna mahali manyoya yamenyofolewa ngozi ikabaki wazi? Chuchu zimejitokeza, zina rangi ya waridi, na manyoya yanayozizunguka yamelowa au yamelala? Je, tumbo lililokuwa limejaa juzi limepwaya leo, na maji anayokunywa yameongezeka? Dalili hizi zinatia shaka tu, kwa kuwa mimba ya uongo huleta zote. Jike aliyepandwa bila kushika mimba, au hata aliyepandiwa na jike mwenzake, hujenga kiota na kunyofoa manyoya siku ya 16 hadi ya 18, wakati mwenye mimba ya kweli huzaa karibu siku ya 31. Kama unaijua siku aliyokutana na dume, hesabu. Kama huijui, jibu liko ardhini.

Zunguka bustani asubuhi, jua likiwa bado liko chini na kivuli cha kila kifusi kinaonekana. Tafuta kwanza kando ya msingi wa nyumba, chini ya tangi la maji, mizizini mwa ua, katikati ya migomba, chini ya rundo la mbao na chini ya banda lenyewe. Njia ya sungura mkubwa ina upana wa sentimita 12 hadi 15. Shimo la panya wa kawaida ni sentimita 5 hadi 8, na mara nyingi kuna kijia kilichosuguka kinachoelekea jikoni au ghalani. Fuko, ambaye wa Arusha na Kilimanjaro wanamjua sana, huacha vichuguu kadhaa vya udongo vilivyofuatana, havina mlango wala manyoya. Kijishimo kifupi kisichozidi urefu wa mwili wa sungura, wazi na safi, kwa kawaida ni mahali alipochimba ajipoze tumbo wakati wa joto. Hicho kipite.

Kinachowaponyoka watu ni kiota kilichozibwa, kwa kuwa wanatafuta tundu na hapo hapana tundu. Unachokiona ni sehemu ya udongo laini, upana wa sahani hivi, rangi yake ikitofautiana kidogo na udongo wa jirani, imeshindiliwa juu juu na pengine ina nyuzi chache za manyoya au vipande vya nyasi vilivyochomoza. Mbele yake kuna udongo uliotawanywa kwa umbo la kipepeo cha kupepea moto, kwa kuwa sungura husukuma udongo nyuma kati ya miguu. Bonyeza kwa vidole viwili pembezoni, usibonyeze kwa kisigino. Ukizama kwa urahisi, weka kijiti cha alama na usiruhusu mtu yeyote, mtoto wala mbwa, kupita hapo.

Sasa jaribu kwa nyasi. Jioni lainisha uso wa udongo kwa kiganja, kisha laza mabua manne au matano ya nyasi kavu yakipishana juu yake. Usinyunyize unga kama wengine wanavyofundisha. Unavuta sisimizi na panya. Jambo la lazima katika jaribio hili ni jike aweze kufika mahali hapo usiku au alfajiri. Hapa ndipo vichanga wengi wanapokufa: jike anaachiwa mchana, anafungiwa bandani saa kumi na mbili jioni kwa kuogopa mbwa na paka, na kufunguliwa saa tatu asubuhi. Watoto wako shimoni, maziwa yako bandani. Kama huwezi kumwacha nje usiku, na katika mitaa mingi hupaswi kumwacha, mtoe kabla ya mapambazuko, mkae naye kwa nusu saa kimya, mbali kidogo. Majike wengi hukubali kunyonyesha saa hiyo.

Asubuhi soma ulichokikuta. Mabua yamesogezwa na udongo umepigwapigwa upya: mama amekuja, watoto wapo na wananyonya. Mabua yamesukumwa kutoka ndani kwenda nje: kuna kiumbe ndani anayetoka, ama watoto waliokwisha kukua au mpangaji mwingine, na hapo chukua tahadhari ya nyoka tutakayoieleza. Mlango umeachwa wazi: kama watoto wanakaribia wiki tatu ni kawaida, mama huacha kuziba, kama bado hawajafika umri huo, kuna adui aliyefukua. Mabua hayajaguswa kabisa: rudia usiku mmoja zaidi, kisha fungua. Usingoje usiku wa tatu. Kichanga mwenye afya katika kiota chenye joto huvumilia siku moja bila maziwa, wengine hufika mbili. Baada ya hapo huishiwa nguvu hata za kunyonya. Na kama unajua kwamba jike alifungiwa usiku mbili mfululizo baada ya kuonekana dalili, ruka jaribio, fungua siku hiyo hiyo. Mvua kubwa ikinyesha, vilevile.

Kuhusu nyoka. Usiingize mkono mtupu katika shimo lililo wazi, hata kama jana ulimwona sungura akiingia. Swila na kifutu hutumia mashimo ya wanyama wengine. Utando wa buibui uliokatiza mlangoni maana yake hakuna anayepita. Gamba la nyoka karibu na mlango maana yake uondoke na kumwita anayejua kazi hiyo. Njia salama ni simu: iwekwe kwenye kurekodi video, taa yake ikiwa imewashwa, ifungwe kwenye ufito kwa mpira wa baiskeli na kuingizwa polepole, kisha utazame ulichopata ukiwa umesimama mbali. Shimo lililozibwa kwa udongo safi lina hatari ndogo zaidi, kwa kuwa nyoka hazibi mlango nyuma yake. Fimbo isitumike kamwe. Fimbo haikuonyeshi kitu, na ngozi ya kichanga wa siku mbili hupasuka kwa kuguswa na ncha ya kijiti.

Kufungua kiota ni kazi ya watu wawili na ya mchana. Jike aondolewe kwanza, apewe majani bandani. Kabla ya kugusa udongo, liwepo tayari sanduku kavu lenye nyasi laini, kitambaa, tochi na mwiko mdogo wa bustani au kijiko kikubwa. Jembe na sururu vibaki stoo.

Kiota huwa kwenye kina cha sentimita 30 hadi 50, na umbali wa nusu mita hadi mita mbili kutoka mlangoni. Njia hushuka, halafu mara nyingi hupinda. Usisimame juu ya mahali unapodhani njia inapita. Toa udongo wa mlangoni kwa vidole, mulika uone inakoelekea, choma kijiti juu ya ardhi kuonyesha mwelekeo. Kisha fungua paa la njia kipande kwa kipande, sentimita 15 hadi 20 kila mara, na kabla ya kila kipande sokomeza kitambaa kwenye njia mbele yako. Kitambaa hicho ndicho kitakachozuia udongo kuporomokea kiotani. Ukikisahau, kila unachokichimba unawamwagia watoto usoni. Ukiona manyoya, acha mwiko. Kuanzia hapo ni vidole tu.

Udongo nao una tabia zake. Mchanga wa Dar es Salaam, Tanga na pwani yote huporomoka bila onyo, kwa hiyo fungua mfereji mpana wenye kingo za mteremko, na ukilazimika kupiga magoti karibu, pigia juu ya ubao. Udongo mwekundu wa miinuko ya Kilimanjaro na Meru hushikana vizuri, unaweza kufungua dirisha dogo ukaacha njia ilivyo. Udongo mweusi wa mbuga ndio mbaya kuliko yote: kiangazi hupasuka, masika hujaa maji na kuyashikilia. Kiota kilicho ndani ya udongo huo mvua zikianza hakifai kuachwa, hata kama mama ananyonyesha vizuri.

Usivute bumba la manyoya nje. Watoto wamo ndani yake. Penyeza vidole kwa chini, utasikia joto na mtikisiko, na vichanga wenye nguvu wataruka kama bisi kwa kudhani mama amefika. Wahesabu. Kisha papasa kingo zote za kiota na urudi kupapasa njia hadi mlangoni, kwa sababu jike anapotoka haraka huweza kumburuta mtoto aliyeng'ang'ania chuchu, akamwacha katikati ya njia mbali na wenzake. Aliyekufa aondolewe saa hiyo hiyo. Mzoga mmoja huita nzi na siafu kwa wote.

Kichanga aliyeshiba ana tumbo la mviringo, ngozi imenyooka, na katika siku za mwanzo unaweza kuona maziwa meupe kupitia ngozi ya tumbo. Analala kimya. Mwenye njaa amesinyaa, ngozi ina mikunjo shingoni na mgongoni, anahangaika na kuinua kichwa kutafuta chuchu. Usimhukumu mama kwa kichanga mmoja aliyesinyaa kati ya wanane. Huyo amezidiwa nguvu na ndugu zake. Wote wakiwa wamesinyaa, mama hafiki au hana maziwa, na hapo mpapase jike: chuchu ngumu, nyekundu na ya moto ni ugonjwa wa kiwele unaohitaji daktari wa mifugo siku hiyo. Mizani ya jikoni ya gramu ina faida kuliko macho. Kichanga anayelelewa vizuri huongeza uzito wake mara mbili ifikapo mwisho wa wiki ya kwanza. Umri nao husomeka mwilini: ngozi tupu ni siku za mwanzo kabisa, manyoya mafupi yanayofunika mwili ni karibu wiki moja, macho hufunguka siku ya 10 hadi ya 12, na kutoka nje wenyewe ni siku ya 18 hadi ya 21.

Ukimkuta wa baridi asiyetikisika, usimtupe. Wengi huonekana wamekufa nao bado wanaishi. Mpashe joto kabla ya kumpa tone lolote la maziwa, maana tumbo la baridi halisagi kitu. Kifuani mwa mtu, chini ya nguo, panatosha. Au chupa ya maji yenye joto la kuvumilika kwenye kiwiko, iliyozungushiwa kanga, vichanga wawekwe kando yake na nafasi ya kusogea mbali wakizidiwa. Jiko la mkaa lina moshi na joto lisilopimika, na jua la moja kwa moja huchoma ngozi isiyo na manyoya. Mpe nusu saa. Akipata joto mwili mzima na bado hatikisiki, hapo ndipo umkatie tamaa.

Swali linalofuata ni kama waachwe au wahamishwe. Ushauri wetu ni kuwaacha pale mama anapofika kila usiku, udongo ni mkavu na wa kushikana, na uzio unazuia mbwa, paka na nguchiro. Kama ulishafungua, rudisha manyoya yote juu yao, ezeka dirisha ulilofungua kwa kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30, funika ubao kwa udongo wa sentimita 10, na uache mlango wa asili kama ulivyokuwa ili mama auone ni uleule. Ubao huo unakupa nafasi ya kutazama kila siku bila kuchimba tena. Watoto wakikaribia wiki tatu watajitokeza wenyewe.

Wahamishe mara moja ukiona unyevu kiotani, siafu, dalili za nyoka au kicheche, au kama jike lazima alale bandani. Sanduku la kuzalia la jike wa wastani liwe na urefu wa sentimita 40 hadi 45, upana 30 na kimo 30, mlango ukianzia sentimita 15 kutoka chini ili kichanga asidondoke nje, na sakafu yenye vitundu vya kupitisha mkojo. Tandika maranda ya mbao isiyopakwa dawa, unene wa sentimita 5, kisha nyasi kavu laini, kisha manyoya yote uliyotoa shimoni. Pamba na nyuzi za nguo zisiwemo. Hujisokota miguuni mwa watoto na kukata damu. Harufu ya mkono wa binadamu haimfanyi jike wa kufugwa awakatae watoto wake, ingawa imani hiyo imeenea sana. Ukitaka utulivu wa moyo, sugua mikono kwa nyasi alizolalia.

Tatizo halisi la kuhamisha ni lingine. Jike anajua watoto wake wako shimoni, na usiku atarudi shimoni. Akikuta tupu atachimba zaidi, na watoto ndani ya sanduku watakaa na njaa hatua kumi kutoka alipo. Kwa hiyo ziba shimo siku hiyo ukishahakikisha limebaki tupu, mfungie jike ndani ya banda lenye sanduku, na kwa siku mbili tatu za mwanzo muweke wewe mwenyewe juu ya watoto asubuhi mapema, ukimtuliza kwa kiganja mgongoni kwa dakika tano hadi kumi. Wengi huchukua mara mbili au tatu hadi wazoee. Akigoma kabisa, tafuta jike mwingine aliyezaa ndani ya siku mbili tatu hizo hizo na umpe vichanga wachache. Wasizidi wanane kwa jumla, kwa kuwa chuchu zake ni nane hadi kumi. Kambo wa sungura ni bora kuliko chupa yoyote.

Kulisha kwa mkono ni njia ya mwisho, na hatutaki mtu aianze kwa wepesi. Maziwa ya sungura ni mazito mno, mafuta na protini vikiwa zaidi ya asilimia kumi kila kimoja, na ya ng'ombe peke yake hayatoshi. Maziwa ya unga ya watoto wa paka yakipatikana ndiyo ya kwanza. Yasipopatikana, ya mbuzi yasiyoongezwa maji. Tumia bomba la sindano la mililita moja, bila sindano. Wa siku za mwanzo hupewa takriban mililita 2 na nusu kila mlo, milo miwili kwa siku. Wa wiki moja mililita 6 hadi 7. Wa wiki mbili 12 hadi 13. Awe amesimama wima kichwa juu, asilazwe chali, na matone yatolewe kwa kasi yake mwenyewe. Maziwa yakitokea puani yanaingia mapafuni, na wengi hufa kwa hilo kuliko kwa njaa. Baada ya kila mlo sugua sehemu ya mkojo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu hadi akojoe, kwa kuwa kabla macho hayajafunguka hawezi bila kuchochewa.

Siafu wanastahili neno lao. Mvua zikianza huhama, na kichanga hawezi kukimbia; msafara mmoja humaliza kiota chote usiku mmoja. Ukiona mstari wao popote uani, usijadili kuhusu kuacha au kuhamisha: toa watoto sasa. Miguu ya banda iwekwe ndani ya makopo yenye maji na mafuta juu yake, na majani yasiguse banda, maana hupanda kwa jani. Majivu yanayomwagwa kuzunguka husaidia yakiwa makavu tu. Mvua moja na kinga imekwisha.

Kuna wanaoenda mbali kuliko kufukia: humimina mafuta ya taa shimoni, au hutumbukiza vidonge vya kufukizia nafaka na kuziba. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu hutoa gesi inayoua binadamu pia, na shimo lililo kando ya msingi huweza kuipeleka gesi hiyo chini ya sakafu hadi chumba cha kulala. Tusisahau pia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mnyama wa kufugwa anayezikwa hai ana haki ndani yake.

Ukishapata watoto, dume aondolewe siku hiyo, asikutane na jike hata kwenye nyasi. Jike huweza kupandwa ndani ya saa chache baada ya kuzaa, akawa anachimba shimo jipya mwezi mmoja baadaye huku wa kwanza ndio kwanza wanaanza kujitegemea. Watoto wa kiume watenganishwe na mama na dada zao kabla ya kutimiza wiki 12. Jike anayejulikana kuwa na mimba awekewe sanduku safi siku ya 28, mahali penye giza na kimya, na tangu siku hiyo asiachiwe bustanini hadi azae. Hatua hii moja huondoa sehemu kubwa ya kazi yote tuliyoieleza.

Shimo ambalo limekaguliwa, mabua hayakuguswa usiku mbili jike akiwa huru kulifikia, limefunguliwa hadi mwisho na halina kitu, ndilo la kufukiwa. Fukia kwa udongo, laza wavu wa kuku sentimita 10 chini ya uso ukizidi mlango kwa nusu mita kila upande, kisha udongo tena. Mawe peke yake hayamzuii jike. Huchimba pembeni mwake.

Tunaomba gazeti lichapishe marekebisho ya ushauri wa awali kabla ya mwezi Machi, wakati wasomaji wengi huanza kusafisha viwanja vyao, na kwenye safu ile ile ya makazi na bustani ili waliousoma mwanzo waone.

Wafugaji wa sungura,
Arusha